Ukungu unaobaki baada ya baipola kutulia: njia za kuupunguza zikilinganishwa

Shangazi yangu ana baipola, ugonjwa wa akili unaoipandisha na kuishusha hali ya mtu kupita kiasi, na alikuwa ametulia kwa miezi tisa. Hakuwa na mania, yaani msisimko uliopitiliza, hakuwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na katika faili lake daktari alikuwa ameandika neno moja la kufariji: "ametulia". Jioni moja nilimkuta mezani akijumlisha safu moja ya tarakimu kwa mara ya nne, na mara zote nne alikuwa amepata majibu tofauti. Kabla ya ugonjwa alikuwa mtunza hesabu kwa miaka mingi, mtu wa kujumlisha safu kama ile kichwani huku akizungumza na mwenzake. Aliifunika karatasi kwa kiganja, akaniambia, "Nasoma, lakini maneno hayakai."

Wanaoishi na baipola wengi wanakifahamu anachokisema. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 walikuwa na ugonjwa huu, na sehemu kubwa ya mazungumzo juu yao inahusu vile vipindi vya kupanda na kushuka, kana kwamba katikati yake hakuna jambo la kuzungumza. Anayelalamikia ukungu wa akili katika kipindi cha utulivu mara nyingi huambiwa avumilie, au apakue michezo ya kunoa akili kwenye simu. Zipo njia zaidi ya hizo mbili, na hazifanani hata kidogo kwa muda zinaotaka, kwa kitu zinachokibadilisha, wala kwa mtu zinayemfaa. Katika makala hii naziweka ubavu kwa ubavu ili mgonjwa, na ndugu anayemsindikiza kliniki, waweze kuchagua pa kuanzia. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime njiani: kabla ya kuongeza zoezi lolote, ondoa kwanza kinachouongeza ukungu, na linapofika suala la mazoezi, chagua yale yanayogusa siku yako yenyewe kuliko yale yanayopandisha alama za mtihani.

Ugumu wenyewe na namna unavyogusa maisha

Emil Kraepelin, mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, mwaka 1899 aliweka mpaka kati ya kile alichokiita wazimu wa mania na sonona, ambao ndani yake imo baipola ya leo, na ugonjwa ambao leo tunaujua kama skizofrenia. Sehemu ya mpaka huo ilikuwa imani kwamba mgonjwa wa kundi la kwanza hurejea katika hali yake ya kawaida kila kipindi cha ugonjwa kinapopita. Imani hiyo ina faraja ndani yake, na kwa baadhi ya wagonjwa ni kweli tupu, lakini kwa miongo mingi ilichangia kufanya malalamiko ya kusahau na kuchelewa kuelewa yaonekane kuwa uvivu, woga au kukosa nia.

Vipimo vinasema vingine. Watu waliopimwa wakiwa watulivu, bila mania wala sonona, wameonekana mara nyingi kupungukiwa katika maeneo manne: kumbukumbu ya maneno, yaani kushika maelezo uliyoambiwa na kuyatoa baadaye, umakini, kasi ya kupokea na kushughulikia taarifa, na ule uwezo wa kupanga, kubadili mwelekeo na kujizuia, ambao ndio unaoendesha siku nzima ya mtu mzima. Si wote wanaopungukiwa. Watafiti huwagawa katika makundi yanayokaribia matatu: wenye uwezo uliobaki sawa na wa watu wengine, waliopungukiwa katika eneo moja au mawili tu, na waliopungukiwa karibu kila mahali. Kwa hiyo hakuna anayepaswa kupokea utambuzi wa baipola na papo hapo kuhesabu akili yake kuwa imepotea. Tena kupungukiwa huku si kukosa akili kwa maana ya watu wa mtaani. Shangazi bado alielewa hesabu kuliko sisi sote nyumbani, ila alikuwa akipoteza tarakimu njiani.

Ubora wa maisha ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi huchanganya. Mwaka 2010 Erin Michalak na Greg Murray walichapisha dodoso la maswali 56 lililotengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye baipola. Linauliza kuhusu mwili, usingizi, hisia, kufikiri, starehe, mahusiano, imani, fedha, shughuli za nyumbani, kujithamini, kujitegemea na kujitambua, na kwa wanaohusika huongeza kazi na masomo. Kufikiri ni mlango mmoja tu kati ya hiyo yote. Ndiyo maana mtu aweza kuwa na kumbukumbu dhaifu kwenye vipimo lakini akaridhika na maisha yake, na mwingine akafaulu vipimo vyote huku siku zake zikiwa nzito. Kwa ujumla, alama za vipimo vya kufikiri huenda pamoja zaidi na utendaji, yaani kubaki kazini, kumudu fedha, kukamilisha masomo. Ilhali hisia ya mtu kwamba maisha yake ni mazuri au mabaya hufungamana zaidi na sonona, hata ile ndogo isiyofikia kiwango cha kuitwa kipindi cha ugonjwa.

Na sonona hiyo ndogo haikosekani. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu 146 wenye baipola ya aina ya kwanza, ile yenye mania kamili, kwa takriban miaka 13, ukagundua kwamba walikuwa na dalili karibu nusu ya wiki zote, na kwamba dalili za sonona ndizo zilizotawala, takriban theluthi moja ya muda wote. Neno "ametulia" katika faili linaweza kuficha mengi.

Kabla ya kuchagua: unachohisi na kinachopimwa

Kuna jambo moja ambalo natamani kila familia ingeelezwa siku ya kwanza. Malalamiko ya mtu kuhusu akili yake na matokeo ya vipimo mara nyingi hayakubaliani. Dodoso liitwalo COBRA, lililochapishwa mwaka 2013, lina maswali 16 ambayo mgonjwa hujijibia mwenyewe: je, unasahau majina, unapoteza mtiririko wa mazungumzo, unashindwa kuendelea ulipoachia baada ya kukatizwa? Kipimo kiitwacho SCIP, kwa upande wake, hufanywa na mtaalamu kwa muda usiofika nusu saa, na humtaka mtu akumbuke maneno, ataje kwa haraka maneno yanayoanza na herufi fulani na kadhalika. Moja linasikiliza uzoefu, jingine linapima utendaji wa akili hapo kwa hapo.

Tofauti hii si ya kitaalamu tu, kwa sababu ndiyo inayoelekeza uamuzi. Anayelalamika sana huku vipimo vyake vikiwa vizuri huenda anabeba sonona iliyobaki, usingizi mbaya au wasiwasi, na kumpeleka kwenye mazoezi ya kumbukumbu ni kumtibu mguu wakati kidonda kiko mkononi. Asiyelalamika kabisa huku vipimo vikionyesha upungufu huenda amejizoeza kukwepa kazi ngumu bila kutambua, au hana picha kamili ya hali yake. Nisieleweke kwamba malalamiko yapuuzwe vipimo vikiwa vizuri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyezoea kufanya kazi kwa kiwango cha juu aweza kushuka sana na bado akabaki ndani ya kile ambacho kipimo kinakiita kawaida. Pale ambapo vipimo vyote viwili vinapatikana, viombwe vyote. Pale ambapo havipatikani, mgonjwa aandike kwa wiki mbili kila tukio la kusahau au kuchanganyikiwa, saa lilipotokea, alilala saa ngapi usiku uliotangulia na alikuwa amekunywa dawa gani. Daftari la namna hiyo litamwambia daktari mengi kuliko sentensi "siku hizi nasahau".

Kuondoa kinachoongeza ukungu, au kuanza mazoezi?

Huu ndio ulinganisho wa kwanza. Kuondoa vyanzo kunahitaji miadi michache, vipimo vya damu na mazungumzo ya kina na daktari, na matokeo yake yanaweza kuonekana ndani ya wiki. Mazoezi huchukua miezi, hutaka nguvu ambazo mtu mwenye ukungu hana, na yakianza huku chanzo bado kipo humvunja moyo bure. Nayapa mapitio ya dawa nafasi ya kwanza bila kusita, kwa sharti moja kubwa kwamba yafanywe na aliyeziandika dawa hizo, kamwe si na mgonjwa peke yake.

Lithiamu ndiyo hushukiwa mapema zaidi. Tangu John Cade wa Australia alipoeleza mwaka 1949 namna ilivyowatuliza wagonjwa wenye mania, imebaki kuwa nguzo ya matibabu haya, na wagonjwa wengi huilaumu kwa kuwafanya wawe wazito wa kufikiri. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani: athari zake katika kasi na katika kumbukumbu ya maneno kwa kawaida ni ndogo. Mambo mawili hustahili kuulizwa kabla ya kuihukumu. Kwanza, kiwango chake katika damu kikoje? Kwa matibabu ya muda mrefu wagonjwa wengi hulengwa kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita, na aliye juu ya hapo anaweza kupata nafuu kwa kupunguziwa kidogo tu. Pili, thairoidi, tezi iliyo shingoni, inafanya kazi ipasavyo? Lithiamu inaweza kuidhoofisha tezi hiyo, na thairoidi iliyodhoofika huleta uchovu, uzito wa mwili na akili inayokokota, dalili ambazo ni rahisi sana kuziita sonona au "madhara ya dawa" na kuziacha hapo. Kipimo cha damu hujibu maswali yote mawili. Kuiacha lithiamu ghafla ni jambo jingine kabisa: huongeza hatari ya mania kurudi na hatari ya mtu kujiua, ilhali lithiamu yenyewe ni miongoni mwa dawa chache zinazojulikana kupunguza vifo vya namna hiyo.

Dawa nyingine zinastahili kushukiwa zaidi kuliko zinavyoshukiwa. Topirameti inajulikana kwa kumfanya mtu atafute neno analolijua na asilipate. Benzodiazepini, zile za kutuliza na kuleta usingizi, hudhoofisha uwezo wa kushika mambo mapya, hasa zikitumika kwa muda mrefu. Dawa za kuzuia saikosisi, yaani hali ya mtu kupoteza mguso na uhalisia, huweza kuacha usingizi unaoendelea hadi adhuhuri, na wakati mwingine kuhamishia dozi mapema jioni kunatosha kuirudisha asubuhi. Valproeti kwa baadhi ya watu hupandisha amonia katika damu na kuleta kuchanganyikiwa, jambo la kuchunguzwa haraka. Lamotrijini kwa kawaida haiugusi sana uwezo wa kufikiri, lakini si kila mtu inamfaa, kwani nguvu yake ni zaidi katika kuzuia sonona kuliko mania.

Kisha kuna benzheksoli, na hapa narudi kwa shangazi. Dawa hii hupewa mtu ambaye dawa ya kuzuia saikosisi imemkakamaza misuli au kumtetemesha, nayo hufanya kazi kwa kuzuia kemikali ya ubongo ambayo kumbukumbu inaitegemea. Miaka kadhaa nyuma, katika hospitali moja aliyolazwa, shangazi alipewa dawa kali ya kuzuia saikosisi pamoja na benzheksoli ya kumpunguzia kukakamaa. Ile ya kwanza ilisimamishwa. Ya pili iliendelea kunakiliwa kutoka karatasi moja hadi nyingine, kliniki baada ya kliniki, bila mtu kuuliza inatibu nini. Nilikuwa nimekaa kando yake siku daktari mpya alipoweka kidole juu ya mstari ule na kuuliza, "Hii mama anainywea nini?" Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Ilipunguzwa taratibu, na baada ya wiki chache shangazi aliweza kumaliza kusoma ukurasa mmoja bila kuurudia. Hakupona ukungu wote, lakini hakuna zoezi ambalo lingemfikisha hapo huku dawa ile ikiendelea kumvuta nyuma. Tangu siku hiyo nawasihi watu wabebe kila chupa na kila pakiti kwenda kliniki, na waulize swali lile kwa kila moja.

Katika hatua hii hii huingia sonona iliyobaki, pombe, sukari na shinikizo la damu visivyodhibitiwa, na kukoroma kunakokatiza pumzi usingizini. Vyote vinapunguza uwezo wa kufikiri kwa mtu yeyote, na vinapatikana kwa wingi zaidi kwa watu wenye baipola. Aliyepata tiba ya mshtuko wa umeme hivi karibuni naye ajue kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu unaofuata hupungua kwa wiki na miezi, ingawa baadhi ya kumbukumbu za kipindi cha karibu na tiba huenda zisirudi.

Mazoezi ya kompyuta dhidi ya urekebishaji wa utendaji

Vyanzo vikishashughulikiwa na ukungu bado upo, hapo ndipo uchaguzi wa kweli unapokuja, nao ni kati ya falsafa mbili.

Ya kwanza inauona ubongo kama msuli. Mtu huketi mbele ya kompyuta au simu, hufanya mazoezi ya umakini, kasi na kumbukumbu yanayozidi ugumu kadiri anavyofaulu, na matarajio ni kwamba uwezo utakaojengeka utahamia katika maisha. Uzuri wake uko wazi: hufanyika nyumbani, kwa saa unazozitaka, bila kikundi na bila kumweleza mtu mwingine aibu zako. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2017 liliwapa watu wenye baipola saa 70 za mazoezi ya aina hii katika wiki 24, na alama zao za kasi ya kufikiri na za kujifunza zilipanda kuliko za kundi la kulinganisha. Si jambo dogo, maana linaonyesha kwamba ukungu huu si mhuri wa milele. Lakini utendaji wa maisha ya kila siku haukupanda sambamba. Aliyekuwa hodari wa kubofya maumbo yanayopita kwenye skrini hakuwa lazima hodari zaidi wa kukumbuka miadi yake. Isitoshe, saa 70 ni nyingi, na programu zilizotumika katika utafiti chini ya uangalizi si sawa na mchezo wowote uliopakuliwa kwa sababu tangazo lake limeahidi kunoa akili.

Falsafa ya pili inaanzia upande mwingine. Badala ya kuuliza namna ya kuongeza kumbukumbu, inauliza siku yako inavunjikia wapi, na tufanyeje isivunjike hata kama kumbukumbu itabaki ilivyo. Hii ndiyo naiita hapa urekebishaji wa utendaji. Mfano unaojulikana zaidi ulitengenezwa Barcelona na kundi la Eduard Vieta, Anabel Martínez-Arán na Carla Torrent, na jaribio lake lilichapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 239 kutoka vituo kumi vya Hispania, wote wakiwa watulivu lakini utendaji wao umeshuka, waligawanywa makundi matatu: wa urekebishaji wa utendaji, wa mafunzo ya kuuelewa ugonjwa, na wa matibabu ya kawaida peke yake. Vikao vilikuwa 21, kimoja kila wiki, dakika 90 kila kimoja. Humo watu walijifunza kutumia kalenda na daftari bila kuona haya, kuigawa kazi kubwa katika hatua zinazoonekana, kuunganisha taarifa na picha au hadithi ili ishikike, kusoma habari kisha kuisimulia upya kwa kikundi, na kupanga wiki nzima wakiweka nafasi kwa yale yanayochosha. Walipewa kazi za kufanya nyumbani, na familia zilielezwa kwamba kusahau si ukaidi.

Mwisho wake, utendaji wa kundi hilo ulikuwa umepanda wazi kuliko wa wale wa matibabu ya kawaida. Alama zao katika vipimo vya kufikiri, kwa upande mwingine, hazikutofautiana sana na za wengine. Msomaji akiziweka sentensi hizi mbili karibu na matokeo ya mazoezi ya kompyuta ataona zinavyopishana: huku alama zilipanda na maisha yakabaki nyuma, kule maisha yalipanda na alama zikabaki nyuma. Kwa mtu anayetaka kubaki kazini, kulipa bili kwa wakati na kutoachia ugomvi wa nyumbani uzaliwe na jambo lililosahaulika, sioni sababu ya kusitasita. Achague ya pili.

Zipo hali ambazo ningegeuza uamuzi huo. Mwanafunzi au mfanyakazi ambaye maisha yake yamepangika vizuri, mwenye upungufu katika eneo moja tu, kwa mfano kasi, anaweza kunufaika na mazoezi ya kompyuta, hasa akiyafanya pamoja na mtu wa kumuuliza kila wiki: ulichokifanya kwenye skrini umekitumia wapi? Asiyeweza kuketi katika kikundi kwa sababu ya hofu au umbali naye hana haja ya kusubiri. Kanuni za urekebishaji wa utendaji zinaweza kufundishwa na mtaalamu mmoja kwa mtu mmoja. Kinachopotea katika njia hiyo ni kitu ambacho hakuna kifaa kinachokirudisha: kumsikia mwenzako akisema kwamba naye alisahau jina la jirani yake wa miaka kumi.

Mafunzo ya kuuelewa ugonjwa yako wapi katika safu hii?

Katika jaribio lile la Hispania, urekebishaji wa utendaji haukuwazidi kwa kiwango cha uhakika wale waliopata mafunzo ya kuuelewa ugonjwa. Jambo hili husahaulika mara nyingi na wanaolisimulia jaribio hilo, nami naona ni la kutiliwa maanani. Mafunzo haya humfundisha mgonjwa kutambua dalili za mapema za mania na sonona, kumeza dawa bila kukosa, kuepuka vileo, na kujua nani apigiwe simu mambo yakianza kugeuka. Mwaka 2003 kundi hilohilo la Barcelona lilionyesha kwa wagonjwa 120 kwamba vikao 21 vya namna hii hupunguza kurudi kwa ugonjwa, na ufuatiliaji wa miaka mitano uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba faida ilikuwa bado ipo.

Kwa hiyo swali la kuchagua kati ya hizi mbili ni hili: katika miaka miwili iliyopita ugonjwa umerudi mara ngapi? Waliopitia vipindi vingi, hasa vya mania, mara nyingi ndio wenye upungufu mkubwa zaidi wa kufikiri. Ambaye bado anapanda na kushuka aanze na mafunzo ya kuuelewa ugonjwa, maana atakachokijenga katika urekebishaji kitabomolewa na kipindi kijacho. Ambaye ametulia kwa muda mrefu na tatizo lake ni kazi zisizokamilika aende moja kwa moja kwenye urekebishaji wa utendaji. Ambaye katika eneo lake kinapatikana kimoja tu akichukue hicho bila kujiona amepata cha daraja la pili.

Usingizi na ratiba

Ellen Frank na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, walitengeneza tiba inayounganisha mahusiano na mdundo wa siku, na mwaka 2005 walichapisha jaribio lake kwa watu 175. Walioipata mapema walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi. Mgonjwa huandika kila siku saa za mambo matano: kutoka kitandani, kukutana na mtu wa kwanza, kuanza kazi au shughuli, mlo wa jioni na kulala. Lengo ni kuzifanya zisitangetange. Njia hii haishindani na zile nyingine. Inabebeka pamoja na yoyote kati yake. Tahadhari ni moja: mbinu ya kawaida ya kutibu kukosa usingizi kwa kupunguza sana saa za kukaa kitandani inaweza kuamsha mania, hivyo kwa mwenye baipola hufanywa kwa uangalifu na kwa kiwango kidogo. Programu ya simu inayotoa ushauri wa usingizi kwa watu wote hailijui hilo.

Dawa za kuongeza uwezo wa kufikiri

Nitapita hapa haraka. Hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa ugumu wa kufikiri katika baipola. Kadhaa zimejaribiwa, ikiwemo erithropoietini, homoni ambayo kazi yake ya kawaida ni kuhimiza utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, na modafinili ya kuondoa usingizi wa mchana. Vichangamshi vina hatari ya kuamsha mania. Virutubisho vinavyouzwa kwa ahadi ya kurudisha kumbukumbu ningewaomba watu wavipeleke kwa daktari kwanza, kwa kuwa baadhi huingiliana na dawa wanazotumia.

Watu watatu, machaguo matatu

Kijana aliyepata mania ya kwanza mwaka huu na anataka kurudi chuoni: kwake naweka mafunzo ya kuuelewa ugonjwa na ratiba ya usingizi mbele, kisha mazungumzo na chuo kuhusu kupunguza masomo ya muhula wa kwanza. Miezi ya mwanzo baada ya mania akili huendelea kukusanyika, na mtihani unaofanywa mapema mno unaweza kumpa mtu picha mbaya ya uwezo wake ambayo ataibeba kwa miaka.

Mama wa makamo, dawa tano kwenye karatasi, analala kwa muda wa saa kumi na moja na bado anasinzia: hapa hakuna mjadala, mapitio ya dawa na kipimo cha thairoidi vitangulie, na zoezi lolote lisubiri.

Mtu aliyetulia kwa mwaka mzima, dawa zake zimepitiwa, sonona haipo, lakini kazini anaonywa kwa makosa madogo madogo: huyu ndiye ambaye urekebishaji wa utendaji ulitengenezwa kwa ajili yake. Pamoja na vikao aombe mabadiliko machache kazini, maana hayahitaji tiba yoyote: maagizo kwa maandishi badala ya kwa mdomo, kazi moja imalizike kabla ya nyingine kuanza, na zile nzito ziwekwe katika saa ambazo kichwa chake ni chepesi.

Shangazi alipitia njia hiyo ya tatu baada ya kutoka katika ya pili. Mtaalamu aliyekuwa naye hakumpa michezo ya tarakimu. Alimwomba alete daftari lake halisi la hesabu. Sasa huweka rula chini ya mstari anaousoma, hujumlisha mistari kumi tu kwa wakati mmoja, huandika jumla ndogo kwa penseli pembeni, na hupumzika kila anapofika mwisho wa ukurasa. Zamani ukurasa ule ungemchukua dakika tano. Siku hizi unamchukua dakika ishirini, na jibu analolipata mara ya pili ni lilelile la mara ya kwanza.